Habari za Fremu ya Baisikeli

Nyuma ya nyumba yangu hapa Kigera, chini ya mwembe, zimelala fremu saba za baisikeli. Nyingine zimevunjika shingo, nyingine zimepinda, na moja imeliwa na kutu hata bomba lake la chini limetoboka kama chungio. Wapitao njia huniuliza, "Mwalimu, takataka hizi wazikusanyia nini?" Nami huwajibu kwamba nazikata nipate kuunda fremu mpya, kazi niifanyayo siku za Jumamosi na jioni baada ya masomo, kwa kupenda kwangu tu. Basi hucheka. Husema kwamba fremu hutoka kiwandani, Uhindi au Uchina, na kazi ya mtu wa kijijini ni kuinunua na kuipanda. Kicheko hicho nimekisikia mara nyingi, na kwa hiyo nimeona vema niandike habari za kitu hiki, tangu kilipoanza mpaka kilipofika kwetu, wasomaji waamue wenyewe.

Baisikeli haikuanza kwa chuma. Mwaka wa 1817, katika mji wa Mannheim huko Ujerumani, bwana mmoja jina lake Karl von Drais alitengeneza chombo cha mti chenye magurudumu mawili, moja nyuma ya jingine. Hakikuwa na pedeli wala mnyororo. Mpandaji alikaa juu yake akajisukuma kwa kukanyaga ardhi, kama mtoto achezaye na gari la mti. Miaka ikapita mingi. Katika miaka ya 1860 mafundi wa Paris walitia pedeli katika gurudumu la mbele, na mwili wa chombo wakaufanya wa chuma. Lakini magurudumu yalikuwa bado ya mti, yamefungwa ukanda wa chuma, na barabara zilikuwa za mawe, hata Waingereza wakakiita kitikisa-mifupa. Kisha wakaona kwamba gurudumu la mbele likiwa kubwa, chombo huenda mbali zaidi kwa kila mzunguko wa pedeli, wakalikuza mpaka likamfikia mtu kifuani. Mpandaji alikaa juu kama mtu aliye ukutani, na likikutana na jiwe alirushwa kichwa mbele. Ulikuwa mchezo wa vijana wasioogopa.

Mwaka wa 1885 Mwingereza mmoja wa mji wa Coventry, John Kemp Starley, alitoa baisikeli aliyoiita Rover. Magurudumu yake yalikuwa karibu sawa, na nguvu za miguu zilipelekwa gurudumu la nyuma kwa mnyororo. Mwaka wa 1888 daktari wa wanyama aliyekaa Belfast, John Boyd Dunlop, akamtilia mwanawe tairi za upepo katika kibaisikeli chake cha magurudumu matatu. Na ilipofika mwaka wa 1890 hivi, mafundi walikuwa wamekwisha kupata umbo la fremu lile lile tulionalo leo njiani. Zaidi ya miaka 130 imepita, ndege na redio zimekuja, na umbo lile halijaondolewa.

Sababu ni nini? Nawaonyesha wanafunzi wangu kwa mabua. Chukua mabua manne, uyafunge ncha kwa ncha yawe kama dirisha, kisha ulisukume pembeni: litalala mara moja, ijapokuwa hapana bua lililovunjika. Sasa chukua matatu, uyafunge vivyo hivyo, ukasukume. Hayalali. Yatakataa mpaka bua lenyewe livunjike au kamba ikatike. Ndiyo siri ya paa la nyumba, na ndiyo siri ya fremu. Sehemu ya nyuma ya fremu ni pembetatu mbili zilizosimama ubavu kwa ubavu, na gurudumu limo katikati yake. Sehemu ya mbele, kusema kweli, ina pembe nne, lakini ubavu mmoja, yaani shingo, ni mfupi sana, hata umbo lote ni kama pembetatu. Kwa hiyo mabomba hayapindwi sana. Husukumwa na kuvutwa kwa urefu wake tu, na bomba jembamba lisukumwalo hivyo lina nguvu za ajabu.

Mabomba nayo yana historia yake. Zamani bomba la chuma lilifanywa kwa kukunja bamba na kuliunga ubavuni, na mara nyingi lilipasuka mahali palipoungwa. Mwaka wa 1885 ndugu wawili wa Ujerumani, Reinhard na Max Mannesmann, walivumbua njia ya kutoboa kipande kizima cha chuma cha moto kikawa bomba lisilo na mshono. Mwaka wa 1897 Alfred Reynolds wa Birmingham, ambaye jamaa zake walikuwa wafua misumari, alipata hati ya kulinda uvumbuzi wa namna nyingine: bomba nene kwenye ncha, ambapo moto na mashaka yote hukutana, lakini jembamba katikati. Ukilitazama kwa nje huoni tofauti. Watu wa Reynolds wakaendelea, na mwaka wa 1935 wakatoa chuma cha pua walichokiita 531, kilichochanganywa na manganizi na molibdeni. Kwa mabomba hayo fremu ya kilo 2 au zaidi kidogo humbeba mtu wa kilo 80 bila kulalamika.

Huko Ulaya, pamoja na viwanda vikubwa kama Raleigh wa Nottingham, walikuwapo tangu zamani mafundi wadogo waliomwundia mtu fremu kama mshonaji amshoneavyo mtu kanzu. Humpima mguu, kiwiliwili na mkono, kisha hukata mabomba kwa vipimo vyake yeye, si vya mtu mwingine. Wako hata leo, huko na Marekani, na kando yao wako wengi wasiofanya kwa biashara: watu wenye kazi nyingine, ambao jioni hujifungia kibandani na tupa na moto. Tusiwadharau watu wa namna hiyo. Katika mji wa Dayton, Marekani, walikuwako ndugu wawili, Wilbur na Orville, wana wa Askofu Milton Wright. Hawakupata cheti cha shule ya juu. Mwaka wa 1892 walifungua duka la baisikeli, na mwaka wa 1896 wakaanza kuunda baisikeli zao wenyewe. Fedha za duka hilo, na mikono iliyozoea mabomba na minyororo, ndizo zilizowafikisha tarehe 17 Desemba 1903, siku waliporuka angani kwa chombo chenye injini. Na mapanga ya chombo kile yalizungushwa kwa minyororo kama ya baisikeli.

Sasa tuje kwetu. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka wa 1901, na reli ya kati ikafika Mwanza mwaka wa 1928. Kati ya bandari hizo meli zilizunguka ziwa, zikashusha mizigo Musoma. Hivyo ndivyo baisikeli za Kiingereza zilivyotujia, nyeusi, nzito, zenye breki za vyuma virefu, kwa wamisionari kwanza, na makarani, na watemi, kisha kwa wakulima wa pamba waliopata fedha. Wazee wetu walijua thamani yake kwa miguu yao. Mwaka wa 1934 mtoto wa Butiama, Julius Nyerere, alipoingia shule ya Mwisenge hapa Musoma, kati ya kwao na shule palikuwa mwendo wa maili 26 hivi. Kwa miguu ni siku nzima ya mtu mzima. Kwa baisikeli ni asubuhi tu. Mwinjilisti mwenye makanisa manne alizidisha maisha yake, kama ningeweza kusema hivyo.

Lakini fremu zile hazikufikiriwa kwa ajili yetu. Ziliundwa kumbeba Mwingereza mmoja na kikoba chake katika barabara ya lami. Sisi tulimpakia mama mgonjwa, magunia mawili ya mihogo, kreti za soda, mbao za kitanda, na mtoto juu ya bomba la mbele. Zikaanza kuvunjika, na mahali zilipovunjika pakawa shule ya mafundi wetu. Mtazame fundi wa Musoma akitengeneza baisikeli mpya iliyotoka dukani leo hii: huondoa keria yake dhaifu akafunga ya nondo, huongeza vyuma viwili vya kutegemeza uma wa mbele, huweka miguu ya kusimamia iliyo pana kama ya meza, na penye safari ngumu huongeza bomba la pili chini ya lile la juu. Hakuagizwa na kitabu. Alijifunza kwa yaliyovunjika.

Mambo haya si ya Mara tu. Huko Busia, mpakani pa Kenya na Uganda, katika miaka ya 1960 vijana waliweka viti vya godoro juu ya keria wakawavusha wasafiri kutoka kituo cha mpaka mmoja hata kingine. Ndiyo asili ya neno bodaboda, nayo pikipiki zimelirithi. Huko Goma, mashariki ya Kongo, watu huchonga kwa shoka na panga chombo cha mti kiitwacho chukudu, chenye magurudumu mawili na usukani, kinachobeba mamia ya kilo za makaa na viazi. Wamekisimamishia hata sanamu mjini. Nikikiona chukudu nakumbuka chombo cha Drais, ila cha Goma chafanya kazi nzito kuliko kile. Na huko Bombolulu karibu na Mombasa, katika karakana zilizoanzishwa mwaka wa 1969 kwa ajili ya watu wenye ulemavu, mafundi huunda viti vya magurudumu na baisikeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono. Nazo ni fremu zinazotaka kumfuata mtu alivyo, maana mwenye ulemavu hawezi kuambiwa ajilazimishe kuifuata fremu. Serikali yetu nayo ilikuwa na kiwanda Dar es Salaam, kiitwacho NABICO, kilichotoa baisikeli za Swala. Wazee wengi huzikumbuka.

Basi mtu asiseme kwamba hatuundi. Tumeunda sana, lakini kwa viraka. Na hapa yanipasa kurudi nyuma zaidi, maana wengi wa vijana wetu hudhani kwamba chuma kililetwa kwetu pamoja na meli.

Ng'ambo ya magharibi ya ziwa letu, katika nchi ya Buhaya, mtaalamu wa mambo ya kale, Mmarekani Peter Schmidt, alichimba mahali paitwapo Katuruka na penginepo katika miaka ya 1970. Alikuta mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma ambazo umri wake wapata miaka 1500 mpaka 2000. Mwaka wa 1978 yeye na mwenzake Donald Avery waliandika kwamba wahunzi wale wa kale walipata chuma chenye makaa ndani yake, yaani chuma cha pua. Wataalamu wengine wamebishana nao juu ya namna moto ulivyofanya kazi, lakini kwamba chuma kiliyeyushwa hapo hapana abishaye. Schmidt hakutegemea mashimo tu. Aliwaomba wazee wa Kihaya waliokuwa wameiona kazi hiyo ujanani waifanye tena. Wakachimba shimo, wakachoma ndani yake majani ya kinamasi, wakajenga tanuri juu yake kwa udongo, wakatia mabomba ya udongo, wakavuta mivukuto. Kazi haikuwa rahisi, kwa kuwa miaka mingi ilikuwa imepita tangu tanuri la mwisho kuzimwa, na mengine iliwabidi kuyatafuta tena kwa kujaribu.

Fikirini jambo hilo. Kazi ya karne nyingi ilikuwa imebaki katika vichwa vya wazee wachache. Majembe ya Ulaya yalikuja kwa bei ndogo, na chuma chakavu kikapatikana bila kuchoma msitu, mahunzi wakaacha kuyeyusha. Vivyo hivyo kusini ya ziwa, Warongo, waliokuwa wakiyeyusha chuma na kuuza majembe nchi nyingi. Kwetu Mara wafua chuma waliitwa Waturi katika makabila mengi. Walikuwa watu wa kando, wenye miiko yao, wala wengine hawakuoana nao. Watu waliwaogopa na huku wakiwahitaji, maana bila wao hapana jembe wala mkuki. Nadhani dharau ile ilitudhuru. Kazi ikiwa ya ukoo mmoja tu, ukoo ukiiacha imekwisha.

Katika habari za Injili yuko mtu ambaye hakudharau nyundo. Alexander Mackay, Mskoti, fundi wa mitambo, alifika Buganda mwaka wa 1878 akafungua karakana pamoja na darasa. Kijana aliyekuja kusoma aliona pia moto na fuawe. Alikufa Februari 1890 huko Usambiro, kusini ya ziwa hili, mikononi mwake bado mna kazi ya kuunda mashua. Walimu wengi waliofuata baadaye walitufundisha kalamu zaidi kuliko tupa. Siwalaumu, kalamu ndiyo inilishayo.

Mimi mwenyewe nilipoanza kuunda nilidhani kwamba shida ni moto. Sivyo. Moto wa gesi upo kwa kila mchomeleaji wa mjini. Chuma cha fremu huyeyuka karibu na digrii 1500, na shaba ya manjano karibu na 900. Kwa hiyo ukipasha maungo yakawa mekundu, ukatia unga wa boraksi, shaba hukimbia yenyewe katika mwanya kama maji yanywewavyo na nguo, na bomba halidhuriki. Mwanya ukiwa mpana shaba haiingii vizuri; ndiyo sababu kazi kubwa ni tupa, kuchonga ncha ya bomba kama mdomo wa samaki mpaka ikumbatie bomba jingine pasipo kuonyesha mwanga. Shida yetu ni kipimo. Fundi wa viraka hupima kwa jicho, na jicho hutosha kwa kiraka. Fremu nzima ikikosea kwa unene wa ukucha, gurudumu la nyuma halifuati la mbele, na mpandaji huvutwa upande mmoja safari yake yote.

Pamoja na kipimo iko subira, na hapo ndipo nilipofanya dhambi yangu. Fremu yangu ya kwanza nilimwundia kijana mwinjilisti. Maungo ya shingo niliyachoma asubuhi moja kabla ya masomo, na kengele ilipolia yalikuwa bado mekundu. Nikachukua ndoo ya maji nikayamwagia, nikaenda darasani. Kila mhunzi ajua kwamba chuma chenye makaa kikitoka motoni kikatiwa majini huwa kigumu na hukatika kama kigae. Ndiyo hufanywa kwa ncha ya patasi, lakini si kwa shingo ya baisikeli. Nami bomba lile la zamani sikujua ni la chuma gani. Miezi miwili fremu ilikwenda vizuri, nikasifiwa. Kisha kwenye mteremko mmoja shingo ilikatika, naye akaanguka na uso, akavunjika kifundo cha mkono na meno mawili. Nilipokiokota kile kipande niliona ndani ya mpasuko sehemu iliyokwisha kupata kutu: ufa ulikuwako tangu siku nyingi, umefichwa na rangi yangu nzuri.

Nililipa dawa. Tulisameheana kama Wakristo wapasavyo, na Jumapili twaimba kwaya moja. Lakini hata leo hapandi baisikeli niliyoiunda mimi, nami sioni kwamba amekosea. Kipande cha shingo nimekitundika ukutani kibandani, juu ya ndoo.

Fremu ya pili naipanda mwenyewe, mwaka wa nne sasa, kwenda Musoma na kurudi. Kila mwezi naikwangua rangi shingoni nikaitazama.

Ya tatu imo kibandani, imelazwa juu ya mlango wa zamani nilioupigilia misumari na kuuchora mistari, uwe meza ya vipimo. Ni ya mama mmoja mwuza dagaa ambaye mguu wake mmoja ni mfupi kuliko mwenzake kwa upana wa vidole vinne. Amezunguka maduka ya Musoma hakuona baisikeli awezayo kuipanda, na pikipiki za kumpeleka sokoni hula faida yake yote. Bomba la juu nimelishusha karibu na lile la chini, apate kupanda bila kuinua mguu, na upande wa mguu mfupi mkono wa pedeli utakuwa mfupi na pedeli yenyewe nene. Nimempima mara tatu, naye akaniambia kwamba hata kwa gauni la harusi hakupimwa hivyo. Sehemu ya nyuma imekwisha. Imebaki shingo, nayo nitaichoma Jumamosi, siku isiyo na kengele.